Safari ya Suna Kutafuta Chakula cha Chatu

Nyoka wangu mmoja alikufa, ndipo nikafunga safari. Miaka hiyo ya sitini nilikuwa fundi wa redio mjini Homa Bay, mtu wa Malindi niliyefuata kazi mpaka kando ya ziwa. Nyumbani nilifuga nyoka wawili wasio na sumu: nyoka mdogo wa kahawia, wa aina ile inayopenda kuishi darini, na chatu mchanga, unene wake kama kifundo cha mkono. Huyo chatu nilimwokota nyuma ya karakana ziwa lilipofurika, ana kidonda cha ndoana ubavuni. Niliwalisha panya niliopewa na wenye maduka. Siku moja panya akatoka duka lililowekwa sumu, nami sikuambiwa. Yule nyoka wa kahawia alimmeza jioni. Kulipokucha nikamkuta chali, amekauka.

Mke wangu Zuhura alimtazama nyoka, kisha akamtazama mtoto wetu aliyekuwa akitambaa sakafuni.

"Panya wa madukani asiingie tena humu," akasema. "Ukipata chakula safi, chatu abaki. Usipopata, mrudishe ziwani."

"Kidonda hakijapona, Zuhura. Nikimrudisha sasa, namtupa."

"Basi kitafute hicho chakula."

Nilifunga karakana, nikachukua sanduku la mbao lenye matundu na shuka moja, nikapanda basi la Rongo.

Rongo nilipokewa na Owuor, mkulima niliyewahi kumtengenezea redio. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akashika kiuno.

"Omera, ndugu yangu, panya? Hapa ni wengi kuliko mahindi! Chukua mpaka uchoke."

Jioni ile tulitega vikapu ukingoni mwa shamba, na asubuhi gunia lilikuwa linaruka lenyewe. Nilipolishika ili nilifunge, panya mmoja akaniuma kidole gumba kupitia gunia, damu ikatoka. Nikawaza: mimi mwenye mikono na akili ameniuma hivi, chatu mgonjwa aliyefungiwa naye sandukuni atafanywaje? Nikamwuliza Owuor pamba ya jirani, iliyopakana na shamba lake, imepigwa dawa lini.

"Juzi tu," akasema. "Kwa nini?"

Panya wake walikuwa wanalala kwenye pamba ile. Nililipeleka gunia mpaka kichakani, nikalifungua.

"Yaani umetoka Homa Bay kuja kufungulia panya wangu?" Owuor akauliza, na safari hii hakucheka. Lakini alipoona sirudi nyuma, akaniambia kwamba huko Suna, karibu na mji wa Migori, kuna hospitali ya misheni ambako mwanamke anayeitwa Dorika analea panya weupe wa maabara. Hao hawajawahi kukanyaga shamba wala duka.

Kutoka Rongo nilipata lori lililokuwa linafuata sukari guru upande wa Awendo. Mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo mweusi ulishika magurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Dereva alitaka kulala njiani. Mimi nilivua viatu, nikavitia sandukuni, nikaendelea kwa miguu hadi gari jingine liliponichukua.

Suna nilifika Ijumaa, jua linazama. Dorika alikuwa mama wa makamo, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, naye alikuwa anafunga mlango wa kibanda chake nyuma ya hospitali. Kabla sijamaliza salamu aliinua mkono.

"Sabato imeingia, ndugu. Mambo ya kuuza na kununua, ngoja Jumapili."

Nilingoja. Nilipata kitanda kwa mwenye hoteli ya chai, na Jumamosi nzima nilisikiliza nyimbo za Wasabato zikitoka kanisani. Mwenye hoteli ndiye aliyenieleza kwamba mume wa Dorika aliumwa shambani na kifutu, yule nyoka wa sumu kali, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Usiku ule niliona aibu kwa ombi nililokuja nalo. Lakini sikuona njia nyingine.

Jumapili asubuhi nilimwambia ukweli wote bila kuzunguka. Alinisikiliza huku akibadilisha majani makavu kwenye masanduku, panya weupe wakipanda juu ya vidole vyake.

"Unajua nyoka walinifanya nini?" akauliza.

"Jana nimeambiwa, mama. Pole sana."

"Na bado unaniomba nilishe nyoka."

"Naomba. Ukikataa nitaondoka, sitakulaumu."

Alimtoa panya mmoja kidoleni, akamrudisha sandukuni. "Una mtoto?"

"Mmoja. Anatambaa."

"Nikikukatalia utaokota wapi panya? Utachoka, urudi kwa wale wa sumu, na mtoto wako yuko sakafuni." Akafunga sanduku moja, akafungua jingine. "Simfanyii nyoka. Elewa hivyo."

Akanichagulia majike machanga na dume lao, wawe mbegu, na dume mmoja mzee kwa mlo wa kwanza. Kisha akaniwekea sharti: nisimtupie chatu panya aliye hai hata siku moja. Akachukua panya mwingine, akanionyesha jinsi ya kumuua kwa pigo moja asiteseke. Alifanya upesi, bila kusema kitu, halafu akanawa mikono kwa muda mrefu.

Njia ya kurudi ilikuwa ya baridi na manyunyu. Utingo wa basi alitaka sanduku lipande juu, kwenye mizigo.

"Watakufa," nikamwambia.

"Ni panya tu, mzee!"

"Basi na mimi nitapanda huko juu."

Alinikodolea macho, akatema mate kando, akaniruhusu niingie nalo ndani. Nililipakata sanduku mpaka Homa Bay nimelifunika shuka, abiria wa pembeni wamejibana dirishani kama nimebeba simba.

Nyumbani Zuhura alipokea sanduku, akachungulia, akaenda kuleta chenga za mahindi bila kuambiwa. Jioni nilimuua yule dume mzee kama nilivyofundishwa. Nilimshika kwa koleo nikampelekea chatu; chatu akageuza kichwa. Nikajaribu tena, akajikunja. Nikampasha panya moto kando ya jiko mpaka akawa na joto la kiumbe hai, nikamtikisa polepole. Ulimi ukatoka, ukarudi. Nilikuwa nimekata tamaa aliporuka akamdaka, akajizungusha, akaanza kumeza. Zuhura, aliyesimama mlangoni na mtoto begani, alishusha pumzi.

"Atabaki," akasema.

Kidonda kilipofunga na mwili kujaa, mimi mwenyewe nilimpeleka chatu kwenye mafunjo kando ya ziwa, nikamwachia. Nimejifunza kwamba anayefuga mnyama anabeba pia maisha ya wale wanaoliwa naye. Ndiyo maana siku zote alizokaa kwetu, kabla sijagusa sanduku la chatu, niliwabadilishia panya majani na maji. Nyumbani kwetu, panya ndio waliokuwa wakila kwanza.