Haitaki Maji

"Chukua hii, kastoma. Haitaki maji. Hata ukiisahau, utaipata tu," muuza miche wa kando ya barabara hapa Kitale aliniambia, akavunja jani moja nono anionyeshe utomvu. Harufu yake mbichi ikanirudisha nyuma ya jikoni kwetu kule Kamukuywa.

Siku hiyo nilikuwa nikicheza kalongo, kupikapika kwa watoto. Majani kama hayo yalifanana na vipande vya nyama, basi niling'oa mmea wote, nikaukatakata kwenye kifuniko cha kopo.

Mama alipoona, ndoo ilimponyoka. Alipiga magoti akaanza kurudisha vipande mchangani, kimoja kimoja.

"Hapa ndipo dada yako amelala."

Dada gani? Mimi si ndiye kifungua mimba? Vidole vilininata kwa utomvu. Nikachota maji yaliyobaki kwenye ndoo nimwagilie. Mama akanishika mkono.

"Wacha. Hii haitaki maji, ndiyo maana niliichagua. Singestahimili kuja hapa kila siku."