Wanja wa Kulilia

Jana sokoni Ndanai, kwenye kibanda cha vipodozi, mama mmoja mchuma chai aliomba wanja "ile haitoki na machozi." Muuzaji akamchorea mistari mitatu mkononi: wa penseli, wa jeli na wa maji. Mama akalowesha kidole kwa mate, akaisugua yote. Ukabaki wa maji.

Mzee mmoja nyuma yangu akacheka. "Mama mzima hivi, wanja ya nini?"

"Msichana wangu anaolewa Jumamosi, mzee. Kulia, nitalia. Sitaki atoke kwa picha na mama uso makaa."

Nyinyi mnaohubiri kwamba wanja ni wa kutega wanaume, hebu niambieni huyu alikuwa akimtega nani. Mimi nilimwona mama anayetaka kumlilia mtoto wake kwa raha zake.