Vikaratasi Kwenye Msumari

Mtaa mzima walimwita Mama Sindano, na jina lilimkaa. Alishona foronya za magodoro ya watoto katika chumba cha mbele, cherehani ikitazama mlango ili asipitwe na mtu wala jambo. Shule aliishia darasa la tano. Alisoma polepole, midomo ikicheza, lakini alichokisoma hakikumtoka tena.

Kazi nyingi aliipata kupitia mwenye duka la samani la ng'ambo ya barabara, waliyemwita Tabasamu kwa sababu meno yake hayakuwahi kupumzika. Huyu aliuza vitanda vya mbao vya watoto wachanga, vyenye ubavu mmoja wa kupandisha na kuteremsha. Kila mnunuzi alipewa kikaratasi cha vipimo vya godoro akipeleke kwa Mama Sindano. Mama Sindano aliongeza juu yake jina la mtoto, ili alitarizi, na nyumba ya kupeleka foronya ikiisha, kisha akakichoma kikaratasi kwenye msumari ukutani. Hakutupa hata kimoja.

"Mama, huo msumari utaanguka na ukuta," binti yake alimtania.

"Uache. Huwezi kujua."

Mwezi wa tano alimnunulia mjukuu wake kitanda kama hicho. Tabasamu alikipigapiga kwa kiganja. "Hiki, mama, atalala yeye, na mwanawe atakuja kukilalia." Mwezi wa sita ubavu ulifyatuka wenyewe, ukashuka kama shoka, na kidole cha shahada cha mtoto kikabaki nusu.

Tabasamu alikuja kutoa pole na kopo la maziwa mkononi. "Watoto watundu, mama. Ukigeuka kidogo tu, basi."

Aliyekuwa amegeuka ni binti, kuchukua nepi. Neno lile lilimwingia likakaa. Tangu siku hiyo, akimwogesha mtoto, alikiosha kidole kile mwisho kabisa, uso ameuelekeza ukutani. Mama Sindano aliyaona hayo yote kutoka kwenye cherehani.

Mwezi wa nane mteja mmoja alimletea kikaratasi kizito, cheupe, kinachong'aa. Tabasamu alikuwa bahili wa karatasi. Vipimo aliviandika nyuma ya chochote alichokiokota mezani. Mama Sindano alikigeuza. Midomo ikaanza kucheza. Ilikuwa barua ya kiwanda: makomeo ya ubavu yanalegea, vitanda hivi visiuzwe tena, walionunua watafutwe wavirudishe kabla mtoto hajaumia. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa pili.

Aliisoma mara tatu. Hakulia. Alikata uzi kwa meno, akamwambia mteja amtoe mtoto kitandani siku hiyohiyo, akajifunga mtandio.

"Mama, mwachie Mungu," binti alimsihi.

"Mungu ana kazi nyingi. Hii ndogo nitamsaidia."

Katika ofisi ya viwango vya bidhaa, ofisa, mwanamke mwenye miwani, aliisoma barua, akampigia Tabasamu simu palepale, sauti ikisikika chumba kizima. "Vitanda? Ah, niliuza viwili tu, dada. Wapita njia. Siwakumbuki hata sura."

Ofisa alikata simu, akashusha pumzi. "Bila wanunuzi, mama, atatuzungusha."

Mama Sindano alifungua mkoba. Alikuwa ameung'oa msumari pamoja na vikaratasi vyake, akauweka mezani kama ulivyo. "Wapita njia wake hawa hapa. Thelathini na mmoja, na watoto wao kwa majina."

"Kesho naenda kulifunga duka!" ofisa alisema.

"Nenda Jumamosi, mwanangu. Nataka pawe na watu."

Siku tatu alizunguka milango. Neno la kwanza lilikuwa moja: "Mtoe mtoto kitandani, tuongee baadaye." Mnunuzi mmoja, muuza mkate, alishika kiuno. "Hicho kitanda alinihakikishia mwenyewe, akicheka! Nimtukane leo au lini?"

"Jumamosi, saa nne. Yaweke matusi yaive. Na kitanda uje nacho."

Vitanda vikaja dukani. Vingine vichwani, vingine kwenye mikokoteni. Tabasamu alipoona umati alidhani ni biashara, meno yote nje. Alipoona kila mtu amebeba nini, yakaanza kupungua.

"Jamani, vitanda ni vizima," alisema. "Yule mtoto aliachwa peke yake. Muulizeni mama yake."

Binti, mtoto kiunoni, aliinamisha kichwa. Mama Sindano alivuta kitanda kimoja mbele, akapandisha ubavu mpaka ukalia *ta!*

"Vizima?"

"Vizima kabisa."

"Basi weka kidole chako hapa. Hapahapa alipoweka mjukuu wangu. Halafu mimi nitikise kidogo, kama mtoto anavyocheza."

Mkono wa Tabasamu ulitoka, ukafika nusu ya njia, ukarudi mfukoni. Wa pili ukaufuata.

"Ameficha yote miwili!" muuza mkate alipiga kelele. "Kumbe vidole vyake anavipenda!"

Kicheko kikalipuka. Ofisa, aliyekuja pamoja na umati, akainua barua. "Uliipata hii?"

"Niliipata."

"Lini?" aliuliza Mama Sindano. "Sema kwa sauti. Na umtazame binti yangu, si mimi."

Tabasamu alimtazama binti. Jino hata moja halikuonekana. "Mwezi wa pili," alisema. "Nilijua tangu mwezi wa pili."

Mchana huo duka lilifungwa, utepe ukapitishwa mlangoni. Mama Sindano aliigeuza cherehani yake kidogo, mpaka akauona utepe vizuri, akashona huku akiutazama kama anayetazama harusi. Hakumwonea huruma hata chembe.

Nyuma yake, binti alimwaga maji kwenye beseni, akamkalisha mtoto, akaushika mkono wake. Alianza na kile kidole.