Muhuri wa Kopo la Omena

Peninah alikuwa mlinzi katika ghorofa la ofisi kule Jumeirah Lakes Towers, Dubai, na kazi yake kubwa ilikuwa kusimama. Mwaka 2014 yaliletwa pale chini maonyesho ya mihuri ya mawe ya watu wa kale wa Bonde la Indus, akapangiwa kuilinda: vijiwe vidogo kama vipande vya sabuni ya hotelini, vimechongwa fahali na maandishi ambayo hadi leo hakuna aliyeyasoma. Madam wa maonyesho aliwaeleza wageni kwamba mfanyabiashara alifunga mzigo, akabandika udongo mbichi juu ya fundo, akagandamiza muhuri wake. Atakayefungua kwa siri, udongo utamuumbua.

Peninah, ambaye pale kazini hakuna aliyekuwa akisema naye, alisikiliza kuliko wageni wote. Chumbani kwao Dubai Investments Park, alikoishi na walinzi wenzake watatu, omena wake, dagaa wakavu wa ziwani aliowaweka kwenye kopo, walikuwa wanapungua. Mama yake ndiye aliyewaanika, kule Port Victoria, Kenya, na sasa macho yamemwishia, hataanika tena. Kila mwenzake aliyeulizwa aliapa kwamba hajui.

Jioni hiyo akakanda unga wa chapati, akauzungushia mdomo wa kopo lililofunikwa, akagandamiza kifungo cha sare yake chenye picha ya tai. Moyo ukatulia. Kila akitoka kazini alimkagua tai wake, akamkuta mzima, akajipongeza kimoyomoyo kwamba ustaarabu umewafikia hata wezi.

Ijumaa akamwita Angella, Mganda wa kitanda cha juu na rafiki yake wa dhati, wapike omena wale pamoja. Akauvunja unga kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na vichwa vichache na vumbi.

Akaduwaa. Ndipo macho yake yalipotua kwenye sare zilizotundikwa ukutani, zote na vifungo vya tai. Wale wa kale kila mwenye mali alikuwa na muhuri wake. Hawa walinzi, kampuni iliwagawia muhuri mmoja wote, tena bure. Na unga wake wa chapati nao ulikuwa umepungua.

"Lakini dada, ile mukene yako," Angella akasema, akiwataja omena kwa jina la kwao, "ilikuwa na mchanga mwingi."

Peninah alitaka kucheka, akashindwa.

"Ni kwa sababu mama haoni," alisema. "Aliwachambua kwa kupapasa."

Angella akainamisha macho. Kisha akalichukua kopo, akalirudishia kifuniko taratibu, kana kwamba bado lina kitu.