Mkanda Unaopita kwa Mgongo

Mkanda wa injini ulikatika asubuhi, nikiwa nimeiacha Dutwa nyuma kwa kilomita chache, lori limejaa pamba niliyopakia Kasoli. Taa nyekundu ya chaji iliwaka kwanza. Kisha nikasikia mlio kama mtu anachapa bati kwa fimbo, mara tatu au nne, halafu kimya. Mshale wa joto ulianza kupanda. Nilizima injini, nikaliacha lori litembee kwa nguvu yake yenyewe mpaka pembeni, nikashuka, nikakata matawi na kuyalaza barabarani mbele na nyuma ili wenzangu wajue kuna gari bovu. Ndipo nikainua kabini na kuchungulia.

Nimeendesha malori zaidi ya miaka thelathini, lakini mimi ni dereva, si fundi. Na injini ile haikuwa ya kumwuliza fundi yeyote. Altaneta, ile inayochaji betri, iliyotoka nayo kiwandani iliungua siku nyingi, na ya aina yake hatukuipata Bariadi wala Mwanza. Fundi wangu, aliyekuwa na gereji ndogo pale Dutwa, alitafuta altaneta ya basi, kubwa kuliko ile ya mwanzo. Haikuingia mahali pake. Akachomelea kipande cha chuma upande wa pili wa injini, akaifunga huko. Kwa kuwa sasa mkanda ungesugua mpira wa rejeta, akaongeza puli ndogo ya kati, kigurudumu cha kuupitishia mkanda, ambayo aliing'oa kwenye mashine mbovu ya kusaga. Siku aliyomaliza alisimama akiitazama kazi yake muda mrefu, huku akijifuta mikono, akaniambia gari hili sasa lina akili yake.

Kwa miaka kumi na kitu alikuwa akibadilisha mkanda ule yeye mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye tairi bovu mlangoni pa gereji tukazungumza, au tukanyamaza, maana tulikuwa tumefikia mahali ambapo kunyamaza hakukutusumbua. Mke wangu alikuwa amekwenda Dodoma kumsaidia binti yetu kulea mtoto wa kwanza, akaja wa pili, akaja wa tatu, na bila ugomvi wowote akawa mtu wa Dodoma. Nyumbani kwangu Bariadi palibaki mimi na redio. Kwa hiyo naweza kusema kwamba maneno mengi niliyoyasema kwa miaka hiyo niliyasemea Dutwa, nikiwa nimekaa kwenye tairi.

Kisha fundi akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi nao. Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja. Aliponiona alitaka kuniambia kitu, kinywa kikahangaika, neno halikutoka, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilimshika mguu juu ya shuka, nikasema nitarudi. Sikurudi. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilijiambia nitasimama safari ijayo, na safari ijayo nikajiambia nimechelewa kwenye mzani wa pamba, na iliyofuata sikujiambia kitu. Miezi minane nilipita mbele ya nyumba yake, iliyoko hatua chache tu kutoka barabarani, huku macho yangu yakitazama mbele.

Sasa nilikuwa nimesimama juani, mkononi nina uzi mweusi uliochanika, ambao ndio mabaki yote ya mkanda niliyoyaokota barabarani. Nilichukua kamba ya kufungia turubai, nikaizungusha kwenye puli zote kama nilivyodhani mkanda ulivyopita, nikaikata. Nilipata bodaboda mpaka Bariadi. Mwenye duka la spea, mzee wa Kiislamu ambaye ananifahamu kwa sura, aliuliza namba ya mkanda. Nikamwonyesha uzi, nikamwonyesha kamba. Aliinyoosha kamba kwenye meza, akatikisa kichwa, akanipa mikanda mitatu ya urefu tofauti, akasema nijaribu, isiyofaa nimrudishie ikiwa safi.

Niliporudi kwenye lori nikaijaribu. Wa kwanza haukufika. Wa pili ulilegea hata baada ya kuivuta altaneta mpaka mwisho wa nafasi yake. Wa tatu ulikaa vizuri, nikakaza nati, nikaubonyeza kwa kidole gumba ukabonyea kidogo kama inavyotakiwa, nikafurahi peke yangu pale barabarani. Niliwasha injini. Haikumaliza dakika moja nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Mkanda ulikuwa unasugua mpira wa rejeta. Nilizima haraka. Kama ningekwenda hivyo, mpira ungetoboka kabla sijafika mbali, na maji yote yangemwagika.

Niliupitisha juu ya puli ya kati, niliupitisha chini yake, nikaurudisha. Vumbi la magari yaliyopita liliniingia machoni na jasho likalifanya tope. Nilipiga picha kwa simu, nikamtumia fundi mmoja wa mjini. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nikaisikiliza mara mbili: "Mzee wangu, mimi sijawahi kuona injini imefungwa hivi. Mrudie aliyeifunga."

Nilikaa chini ya kivuli cha lori na simu mkononi. Nilijua tangu asubuhi kwamba ningefika hapo. Ninadhani safari yote ya Bariadi niliifanya ili nisiende Dutwa.

Nilichukua bodaboda mpaka Dutwa, na mke wa fundi nilimkuta uani akipepeta choroko. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, shemeji," akaitika "Mwadila" bila kuacha kupepeta, kisha akainua macho akanitambua. Hakuonyesha hasira. Aliweka ungo chini, akaniletea kigoda na maji ya kunywa, akaniuliza habari za mke wangu na wajukuu. Nikajibu. Nikauliza hali ya mgonjwa, akasema anakula, analala, mguu unaanza kukanyaga kidogo. Ulimi bado. Limebaki neno moja tu, akasema, nalo ni basi. Akitaka maji anasema basi, akikataa anasema basi, akifurahi basi. Yeye amejifunza kumwelewa kwa sauti.

Ndipo nikasema nilichofuata. Nilieleza habari ya mkanda kwa kirefu mno, kama mtu anayejitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "lori lako analijua. Likiwa bado linapanda kule, ameshageuza shingo kuelekea barabarani. Likishapita ndipo anarudi kutazama ukuta."

Nilitazama maji ndani ya kikombe. Yeye alisimama, akanitangulia ndani.

Fundi alikuwa ameketishwa juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe. Alinitazama, na upande mmoja wa uso ukatabasamu. "Basi," alisema. Nilikaa mkekani karibu naye. Nilitaka kuomba radhi, na nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, lakini nilichosema ni kwamba mkanda umekatika na nimeshindwa kuufunga. Alipumua kwa nguvu puani. Ndivyo alivyokuwa akifanya zamani nilipomletea gari nikiwa nimekwisha kuliharibu zaidi kwa kujaribu mwenyewe.

Akaonyesha kwa mkono wa kushoto upande wa jikoni. "Basi." Mkewe akaleta sufuria, akaikataa. Akaleta bakuli, akalipokea. Ikaendelea hivyo mpaka mbele yetu pakawa na bakuli, kikombe kikubwa, kikombe kidogo na kopo la chumvi. Alivipanga juu ya mkeka kwa uangalifu, akisogeza hiki kidogo na kile kidogo, na mara moja nikaona injini yangu. Bakuli lilikuwa puli kubwa ya chini, kikombe kikubwa kilikuwa puli ya feni, kikombe kidogo kilikuwa altaneta, na kopo la chumvi puli ya kati. Mkewe alichana ukanda wa kitambaa kutoka kwenye kanga iliyochakaa, akaufunga ncha kwa ncha.

Fundi aliuzungusha ukanda ule kwenye bakuli na vikombe. Alipofika kwenye kopo hakulizungushia kwa ndani kama vile vingine. Alilisogeza kopo likawa nje ya duara, kisha akalisukuma lije ndani, likaubonyeza ukanda kwa mgongo, upande wake wa nje. Ukanda ukapinda. Akaingiza kidole pale palipopinda, akakichezesha, nafasi ikaonekana. Hapo ndipo mpira wa rejeta unapopita. Miaka yote ile mkanda ulikuwa ukigusa puli ya kati kwa mgongo wake, na mimi mwenye gari sikuwahi kuinama nikaona.

Nilivivuruga vyombo nikajaribu mwenyewe. Nilikosea. Alinipiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono. Nikajaribu tena, nikapatia, akasema "Basi," na mkewe aliyekuwa mlangoni akacheka, akaniambia hiyo ndiyo ya kukubali.

Nilirudi kwenye lori. Nililegeza puli ya kati, nikautoa mkanda na kuijaribu tena mikanda yangu kwa njia ya vile vyombo. Ule wa pili, ambao mwanzoni ulilegea, ndio uliofaa, kwa kuwa puli ya kati sasa iliubonyeza kwa ndani na kuukaza. Nikaongeza maji kwenye rejeta, nikawasha. Feni ikazunguka, taa ya chaji ikazimika, harufu haikutoka. Ningeweza kuendelea na safari yangu ya Bariadi. Nilikwenda mbele mpaka penye nafasi, nikageuza lori pamoja na pamba yake, nikarudi Dutwa.

Nilisimama mbele ya nyumba, nikaacha injini inaunguruma, nikaingia. Fundi alikuwa ameshageuza shingo. Mimi na mkewe tulimwinua, mkono wake mzima begani kwangu, tukamkokota mpaka mlangoni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akazungusha vidole hewani, kidogo sana. Nikaenda na spana, nikakaza robo mzunguko. Nikamtazama. Akatikisa kichwa, bado. Nikakaza tena. Safari hii hakufanya ishara yoyote, ila aliendelea kusikiliza muda mrefu baada ya kuwa hakuna tena cha kurekebisha, na mimi sikuwa na haraka ya kuizima injini.

"Sikuja," nilimwambia nilipomrudisha mkekani. "Nilikuwa napita tu. Nisamehe."

Alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto, ambao ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

Baada ya hapo nilisimama kila safari. Wakati mwingine nilikaa dakika chache, wakati mwingine nilichelewa na wapokea pamba wakanilalamikia. Nilimweleza nani kaanguka na gari, mvua imenyesha wapi, na yeye akanijibu kwa neno lake, nami nikaanza kuzijua sauti zake. Msimu wa pamba uliofuata ulipokaribia, mtoto wao mkubwa, mwenye kazi Morogoro, alikuja akawachukua wote wawili, kwa sababu huko kuna mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi na mama yake alikuwa amechoka kumwinua peke yake. Ilikuwa sawa. Niliwasaidia kubeba godoro mpaka stendi. Nyumba ilipangishwa kwa muuza mbolea.

Mke wake hunipigia simu mara chache. Huweka simu sikioni mwa fundi, nami nazungumza, lakini kwenye simu neno lile halina uso, na sijui linasema nini.

Mwezi uliopita mkanda uliisha nikiwa Sola, mbele ya ghala la pamba. Safari hii niliona mapema kwamba unapasuka, nikaubadilisha kabla haujakatika. Nililegeza, nikapitisha, nikausukuma kwa mgongo, nikakaza, nikabonyeza kwa kidole gumba. Kazi ya nusu saa. Nilipomaliza nilisimama nikiitazama injini inavyozunguka, na nikageuka kusema kitu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta wa ghala na magunia. Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga, nikashusha kabini, nikaenda kusubiri zamu yangu ya kupakia.