Bakuli Lililorudi Safi

Kwa wiki sita niliwapikia polisi wa Kitale, na hakuna aliyeniajiri.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa utani, asiyeweza kufunga mdomo siasa zikitajwa. Katikati ya miaka ya themanini, hilo lilitosha. Asubuhi moja wanaume wawili wenye makoti walikuja kwetu, mtaa wa Tuwan, wakapekua hata debe la unga, wakaondoka na karatasi moja waliyoikuta ndani ya kitabu cha hesabu. Walisema anakwenda kituoni kuulizwa maswali kidogo. Chai yake ilibaki mezani.

Mchana ule nilisimama kaunta. Nikaambiwa mambo yake ni ya usalama wa nchi, kwa hiyo siwezi kumwona, ila chakula naweza kuacha. Nilishukuru. Leo naona haya kusema hivyo, lakini nilishukuru kwa moyo wote. Nikawa napeleka ugali na kunde za maziwa katika bakuli la bati, nimelifunga kwa leso. Jioni nililifuata, na kila jioni lilikuwa safi.

"Amekula yote, mama," askari wa kaunta alisema. "Anasema asante."

Kwao mume wangu, upande wa Chwele, baba hamalizi chakula. Hubakisha tonge moja na mboga pembeni, na kitinda mimba huja kusimama gotini pake apewe. Alilelewa hivyo, na hata wali wa Krismasi aliubakisha. Bakuli safi lilipaswa kunishtua. Badala yake nilijiambia kwamba rumande kuna njaa, na mtoto wa kubakishiwa hayuko. Mtu akitaka kudanganywa, humsaidia anayemdanganya.

Nilikwenda pia kwa wakili mmoja mjini. Alinieleza kwamba mtu akikamatwa anafaa kufikishwa kortini upesi, lakini iko sheria nyingine inayoruhusu azuiliwe bila kesi. Kisha akasema yeye naye ana watoto. Nikamwelewa, na sijamsamehe.

Wiki ya sita nilikwenda Chwele kwa mama mkwe. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye uteo. Nilimweleza yote, na ili asilie nikaongeza kwamba mwanawe anakula vizuri.

"Anabakishanga?" akauliza.

Nikamwambia bakuli linarudi safi. Aliweka uteo chini.

"Basi si mtoto wangu anakula hiyo chakula."

Kesho yake sikupeleka chakula. Niliomba shati lake chafu nikalifue, maana anayekula kwa wiki sita lazima awe na shati chafu. Siku tatu niliambiwa nirudi kesho. Siku ya nne askari mmoja mzee alinifuata mpaka kwenye ua. Alisema mume wangu alihamishwa jioni ileile ya kwanza, labda Nairobi, na jina lake halikuandikwa katika kitabu cha kituo. Nilimuuliza ni nani basi aliyekuwa anakula.

"Ni sisi, mama," alisema. Kisha, bila kejeli yoyote, "Unajua kupika."

Tangu siku hiyo nilikwenda kaunta kila asubuhi, mikono mitupu, nikataja majina yake yote matatu kwa sauti, watu kwenye foleni wasikie. Kama hawakumwandika, basi asikiwe. Walinifukuza mara nyingi. Niliogopa sana, lakini hasira yangu ilizidi woga, na nikarudi.

Mume wangu alirudi baada ya mwaka na miezi, mchana, kwa miguu, shati si lake. Hakusema alikuwa wapi. Nilipika kunde za maziwa, nikampa katika bakuli lilelile. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa alikuwa ameng'oka meno ya mbele, alikumbuka. Akaenda akasimama gotini pake.

Mume wangu alikula ameinama, mkono mmoja umelizunguka bakuli. Alimaliza ugali, akapangusa mboga kwa kidole mpaka bati likang'aa. Mtoto aliangalia bakuli, akaniangalia mimi. Mume wangu alinirudishia bila kuinua macho, akasema asante.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Siku zile zote nilidhani wamenificha mume. Kumbe walikuwa wamekaa naye, wakitoa kitu kimoja kimoja ndani yake, mpaka wakafikia hata tonge la mtoto.

Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, Lugulu. Nilikwenda peke yangu, kwa kuwa mume wangu hakuweza bado kupita penye askari wa langoni. Nilimwambia amerudi, ni mzima, ana mikono na miguu. Alinishika kidole akanivuta karibu.

"Anabakishanga?"

"Anabakisha, mama," nikasema.