Kidonge Nilichomgawia Jirani

Wewe unayesoma haya ukiwa na majibu ya vipimo mkononi, hata mimi niliyashika.

Ng'ambo ya ziwa nilikuwa mwanamke wa nguvu, naanika dagaa na kuuza. Vita vilipotufikia nilivuka na wanangu wawili, tukashukia Kigoma, tukapelekwa kambini.

Mwaka wa pili nilianza kutokwa jasho usingizini hadi kanga inakamulika. Nikila vijiko vitatu, nimeshiba. Chini ya mbavu za kushoto kitu kigumu kikawa kinakua, tumbo likatokeza. Wanawake wa bombani wakanitania, "Mama Furaha, huyo baba mbona hatumjui?" Nilicheka nao. Kumbe ni bandama iliyovimba.

Hospitali ya mjini walinipima damu, sampuli nyingine ikapelekwa Dar es Salaam. Ilikuwa saratani ya damu. Daktari, mama mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, alinieleza taratibu.

"Ndani ya chembe zako nyeupe za damu kuna protini iliyoharibika. Inaziamuru chembe zizaliane bila kukoma. Watafiti walilichunguza umbo lake, wakatengeneza dawa ya kuiziba pale pale inapofanyia kazi. Kidonge kimoja kila siku, mama. Usiache."

Dawa ilikuwa ya msaada, sikuilipia. Baada ya miezi mitatu tumbo lilishuka, nikabeba ndoo tena.

Kambini kwetu, siku ya posho, aliyepata humpimia kikombe cha unga mwenzake ambaye hajaandikishwa. Jirani yangu Mama Riziki alikuwa na uvimbe kwenye titi, anaogopa kisu cha hospitali. Akaniambia, "Si zote ni saratani? Nimegee, dada." Nikawa nakata kidonge, nusu yangu, nusu yake. Ningemezaje kizima mbele yake?

Miezi minne baadaye jasho lilirudi. Nilipopimwa tena, chembe nyeupe zilikuwa zimepanda.

"Unameza kila siku?" daktari akauliza.

"Kila siku."

"Kizima?"

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza.

"Dawa hii inalenga ile protini yako. Uvimbe wa mwenzako unaendeshwa na kitu kingine, kwake inapita tu. Na wewe nusu haikutoshi. Chembe zinazobaki zinaweza kubadilika, dawa isizishike tena. Mkiendelea hivi, nitawapoteza wote wawili."

Kumwambia Mama Riziki kulikuwa kugumu kuliko ugonjwa wenyewe.

"Sema umechoka kunimegea. Mchoyo wewe!"

"Nimekuchelewesha," nikamjibu.

Akanifungia mlango. Asubuhi nilirudi nikakaa kizingitini mpaka akatoka, tukaenda hospitali. Titi moja liliondolewa, na dawa alizopewa hazikufanana na yangu hata kidogo. Mimi nilirudia kidonge kizima, na baada ya miezi ya wasiwasi damu ikatulia. Tuko hai wote wawili.

Namshukuru Mungu, na daktari yule aliyenieleza bila haraka. Ukiambiwa una saratani, uliza ni ya aina gani na dawa yako inalenga nini. Mgonjwa mwenzako akikuomba kidonge, mnyime, kisha umsindikize akapimwe. Kilichomfaa Mama Riziki ni safari ya hospitali, na hiyo ningeweza kumpa tangu siku ya kwanza.